Mama Hodi Anakabidhi Msumeno, Makinda Wamesharuka

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, msimamizi wa kikosi cha misumeno katika kituo chetu cha msitu anastaafu. Jina lake halisi limebaki kwenye barua za ofisi. Sisi tunamwita Mama Hodi, na siku hizi hata wanawe wanamwita hivyo.

Alipoajiriwa, kazi ilikuwa kuusafisha msitu. Mti mkavu ukionekana, chini! Tulisifiwa sana kwa usafi huo, kumbe tulikuwa tunawabomolea nyumba vigong'ota wa utosi mwekundu, ambao hutoboa viota vyao kwenye miti iliyokufa ikiwa bado imesimama. Siku moja msumeno wake umeshaanza kuuma shina, kichwa chekundu kikachungulia tunduni. Akazima mashine. Tangu hapo hajagusa mti mkavu bila kuugonga kwanza kwa mpini wa panga na kusubiri kama kuna mwenyeji atakayechungulia. Wa kwanza kumcheka alikuwa mumewe, dereva wetu. Leo kikosi kizima kinapiga hodi.

Mwaka huu jozi pekee ya vigong'ota hao tunayoijua ilichagua, kati ya miti yote ya msitu, ule mkavu ulioinamia karakana. Mkuu wa kituo akaagiza ukatwe upesi, usije ukaangukia paa mafundi wakiwa ndani. Mama Hodi alikubali kwamba hatari ipo, kisha akagoma kuukata. Akasema mti hauwezi kuhama, ila karakana inaweza. Basi tukabeba meza, vinoleo na mapipa ya oili hadi ng'ambo ya uwanja, chini ya turubai, huku tukinung'unika. Fundi mkuu alinung'unika kwa sauti ya kusikika getini.

Hofu ya mama ilikuwa moja tu: astaafu makinda wakiwa bado tunduni, halafu mti ukatwe kesho yake. Alitwambia waziwazi kwamba usingizi umemruka.

Jumanne asubuhi alikuwa stoo akikabidhi msumeno na buti, fundi mkuu yuleyule akaja mbio kumwita. Alifika mguu mmoja una buti, mwingine soksi. Kinda wa kwanza alikuwa ameshatua mti wa jirani. Wa pili aliruka mbele ya macho yake, akayumba, akapaa. Mama Hodi akalia, nasi tukalia naye bila aibu.

Jioni hiyo mkuu alifuta amri yake. Mti utasimama mpaka uanguke wenyewe, na karakana mpya itajengwa pale penye turubai.

Asante, mama, kwa ubishi wako. Nenda na furaha yetu yote, na mapumziko yako yawe marefu na mema.