Bi Arlene Vukovich na Jumamosi ya Kengele

Ijumaa tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Kodi ya Mapato ya Mji wa Hadley Forge, Ohio, Bi Arlene Vukovich anastaafu. Sisi tunaobaki tumeagizwa tuandike kwa utulivu. Tutajitahidi.

Alianza dirishani, enzi za karatasi na stepla. Mtu akiingia amenuna, alimpokea hivi: "Karibu, mpenzi. Taifa limekula, jimbo limekula, sasa na mji nao uonje." Wengi walicheka kabla hawajakumbuka kukasirika. Kuna bwana mmoja wa Mtaa wa Maple aliyemwandika mbwa wake kama mtegemezi. Bi Arlene alimpigia simu mwenyewe: "Kaka, huyo Duke ameajiriwa wapi? Kama hana mshahara, mji haumdai kitu. Mwache alale."

Programu za kodi zilipoingia kwenye kompyuta, wengine tulizikimbia. Yeye alijifungia nyumbani wikiendi nzima akazijaribu zote. Alijifanya fundi bomba, kisha mjane, kisha mcheza besiboli, ili aone kila mmoja atakwamia wapi. Jumatatu alirudi macho mekundu, ana furaha kama aliyetoka harusini.

Lakini habari tunayotaka kuiacha hapa ni ya ile Septemba, miaka sita iliyopita.

Programu moja iliyopendwa sana mjini ilikuwa, ukishamaliza ritani, yaani fomu ya kodi, ya taifa na ya jimbo, inakuuliza kama ungependa kuandaa na ya mji. Chini yake palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichosema "Ruka". Watu wakaruka. Karibu nusu ya Hadley Forge iliruka. Barua za onyo zikatoka zenyewe kwenye mashine yetu, na kesho yake ngazi za ofisi zikajaa watu wenye barua mkononi. Wa nne kwenye foleni alikuwa Meya Curtis Baumgardner.

"Arlene," alisema, "nimepata barua inayonitishia mahakama. Chini kuna sahihi yangu."

"Naona, Mheshimiwa. Umejiandikia kwa ukali kidogo."

Mambo hayakuwa ya kuchekesha kwa muda mrefu. Wiki mbili baadaye madiwani walikuwa wapige kura: ofisi ibaki, au ifungwe na kazi ikabidhiwe wakala wa mji mwingine. Mji ambao nusu ya watu wake hawajajaza ritani hauna la kujitetea. Sote sita tungepoteza kazi, na wazee wetu wangebaki wakiongea na mashine ya simu.

Bi Arlene akaomba kituo cha zimamoto kwa Jumamosi moja. Magari yalitolewa nje, meza zikapangwa, wazimamoto wakakaanga samaki, na watu wakaambiwa waje na kompyuta zao. Ritani ikitumwa, kengele ya kituo ingepigwa. Hadi adhuhuri watoto walikuwa wakiwasukuma wazazi wao wafanye haraka ili kengele ilie. Mchungaji alituma yake, akaomba aipige mwenyewe. Meya alituma, kisha akasimama kwenye kiti akainamisha kichwa kama mshindi wa mbio anayevishwa medali. Bi Arlene alikuwa akizunguka meza kwa meza amevaa kofia ya zimamoto, akisema, "Usiguse cha kijani. Nasema tena, cha kijani usikiguse."

Alasiri akaingia Bwana Emmett Tackett, fundi wa mageti. Mkewe Jeanette ndiye aliyekuwa akishughulikia kodi yao miaka yote, naye alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia. Emmett hakuwa amejaza ritani yoyote. Alifika kwenye swali la hali ya ndoa, akatoa mkono kwenye kompyuta na kuuweka mapajani.

"Hapa siwezi, Arlene. Nikibonyeza hili jibu la mgane, basi ndio nimekubali."

Bi Arlene alivua ile kofia, akavuta kiti.

"Usilibonyeze. Ritani hii ni ya mwaka jana, Emmett. Mwaka aliofariki, sheria bado inawahesabu pamoja. Mume na mke."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Weka jina lake hapo, andika vizuri."

Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Alipotuma, mpiga kengele alisita, hajui kama inafaa. Emmett mwenyewe ndiye aliyesema, "Ipige bwana, Jeanette alipenda fujo." Ikapigwa kwa nguvu, na wote waliokuwamo wakapiga makofi, wengi bila kujua kwa nini.

Madiwani walipiga kura, ofisi ikabaki. Jumamosi ya Kengele imekuwa ya kila mwaka, na Emmett ndiye mkaanga samaki wetu.

Sasa tulidhani Bi Arlene anakwenda kupumzika. La. Juzi alitufichulia kwamba amejiunga na bendi ya muziki wa dansi wa polka kama mpiga kodiani, kile kinanda cha mkono, na majira yote ya joto watazunguka kwenye sherehe za miji ya Ohio. Tukamkumbusha kwamba mwanamuziki hudaiwa kodi katika mji anakopiga, hivyo huenda akajaza ritani lukuki mwakani.

"Najua," alijibu. "Kwani mlidhani naenda kwa ajili ya muziki tu?"

Bi Arlene, asante kwa kicheko, kwa subira, na kwa kila aliyeingia kwetu amenuna akatoka ameinua kichwa. Nenda kapige, mama. Maisha yako mapya yawe mema na yenye kelele.