Maji Ambayo Hatutayataja

Ndugu, jamaa na majirani, mbele yetu amelala Emmett Strohmeyer, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa hapa Kelso Falls, Ohio, mtoto wa pili wa fundi wa kiwanda cha rangi, na ambaye historia yake wakili wa mji alitupigia simu jana kutuomba tuisome bila kugusa suala la maji, nasi tukakubali.

Alisoma shule za hapa, kisha chuo kikuu huko Columbus, alikohitimu mwaka 1970 kwa tasnifu iliyolinganisha hotuba za wanasiasa wa Roma ya kale na magazeti ya Marekani, akionyesha kwamba Mroma aliyetaka kummaliza mpinzani wake alitangaza kuwa hatazungumzia wizi wake wala ulevi wake, na watu wakarudi makwao wanajua yote mawili, ilhali gazeti huandika tu kwamba mheshimiwa hakutaka kusema lolote, na kazi inakuwa ileile.

Mwaka 1971 aliajiriwa na gazeti la mji, ambalo baadaye alilihariri, na tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Darlene Pruitt, aliyezoea kumchokoza, "Wewe mzee, Mroma anasema hatasema, halafu anasema, wewe unasema utasema, halafu unameza," naye akijibu, "Subiri, mpenzi, meya bado hajakataa vizuri." Walijaliwa binti mmoja, Ruth, mhariri wa sasa wa gazeti hilo.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2021, wakati mmoja na za majirani zake watatu wa Mtaa wa Mill, jambo ambalo hatutalizungumzia, kama tusivyozungumzia bomba la maji linalopita chini ya kiwanda cha rangi, wala vipimo vya maji alivyovichapisha ukurasa wa kwanza, ambavyo ofisi ya meya haikutaka kusema lolote kuvihusu, hadi Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alipofariki akiwa amemwambia Ruth, "Wakikukataza kusema, binti yangu, wakubalie kwa sauti."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa gazeti, majirani wa Mtaa wa Mill, waliokuja ingawa wengine wao wanasubiri majibu ya vipimo, na Mheshimiwa Meya, aliyeketi benchi la mbele na chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kahawa iko tayari ukumbini, imechemshwa kwa maji ya bomba, nasi tunamwomba mheshimiwa awe wa kwanza kumiminiwa.

Pumzika kwa amani, Emmett, sisi hatujasema kitu.