Safari ya Mchakato

Gari la kutoka Sepuka lilipokaribia Singida mjini, Bibi Evodia alimgeukia Derick, kijana aliyekaa naye kiti kimoja. "Mjukuu wangu, huko Mchakato ni mbali na stendi?"

"Shikamoo, Bibi. Hakuna mahali panapoitwa hivyo."

"Marahaba. Papo. Alizeti imeshuka bei, pampu ya kisima imekufa, na kila tukienda ofisini tunaambiwa mambo yetu yapo kwenye mchakato. Nimechoka kungoja, nayafuata mwenyewe."

Derick alianza kucheka, kisha akakumbuka yake. Ombi lake la kazi ya ualimu lilikuwa na mwaka wa nne, na jibu ni hilohilo.

Gari likasimama. "Mwisho!" konda akaita.

Bibi akachungulia dirishani. "Ndipo hapa?"

Derick akambebea kikapu. "Bado, Bibi. Hata mimi napatafuta."