Siku Waliponipigia Makofi Nikinyongwa

Sogezeni viti, wanangu, Leonora huku na wewe Wendell huku, mnisikilize kabla pumzi haijanikatika. Leo asubuhi, Wendell, nilipokwambia kifua kinanibana, ulicheka ukasema, "Baba nawe, hata kitandani unaigiza!" Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa, na hata sasa naogopa.

Miaka yote hapa Hollywood nimeigiza mhudumu wa baa, hakimu, mchimba makaburi, na mara nyingi zaidi jambazi anayeuawa kabla shujaa hajambusu mchumba wake. Watu walinisimamisha njiani, "Wewe si yule... yule nani vile?" na jina la Ambrose Tolliver lisiwajie. Halikuniuma. Kazi ile ndiyo iliyowalea.

Lakini hamjui nilivyompata mama yenu. Tulikuwa jangwani, tukipiga picha za filamu, sehemu ya kunyongwa kwangu, na mkanda niliovalishwa chini ya koti ili unibebe ukafyatuka, kamba ikanikaba shingo kwelikweli. Nikarusha miguu, nikajaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikamsikia mwongozaji akisema, "Msisimamishe! Tolliver hajawahi kufa vizuri hivi." Na wenzangu, watu niliokunywa nao kahawa asubuhi ile, wakanipigia makofi. Wanangu, hakuna upweke kama ule. Mama yenu Henrietta, siku hizo msichana wa kupaka waigizaji poda, ambaye hata salamu tulikuwa hatujapeana vizuri, ndiye aliyetupa sanduku lake akaja mbio, akanikumbatia miguu akaninyanyua, huku akifoka, "Nyie vipofu? Haigizi huyu! Ananitazama mimi nimwokoe, haangalii kamera! Kateni kamba!"

Baada ya hapo nilikufa tena katika filamu nyingi, ila kila mara yeye alisimama karibu na kamera. Sasa hayupo, na zamu hii naiendea bila yeye. Hofu yangu yote ni hiyo.

Basi shikeni haya. Nyumba ni yenu wawili, msiiuze mkiwa mmenuniana. Wendell, shemeji yako, mume wa Leonora, humsalimii tangu harusi yao kwa sababu ni fundi umeme. Kesho nenda ukampe mkono. Leonora, ndugu yako akija usimpige vijembe, nakujua ulimi wako. Makoti yangu mpelekeeni mzee Floyd Pickett, kule kwenye makao ya waigizaji wazee, analalamika baridi. Waandishi wa magazeti msiwaite. Nizikeni ubavuni mwa mama yenu.

Mungu awape watu wa kuwaamini mnaposema mnaumia. Awape watoto... watakaokaa nanyi hivi... Leonora, fungua dirisha, mama. Hapana, usiende, rudi, liache tu.

Mbona unalia, Wendell? Haya, lia. Nipe mkono... wote, nipeni... Bado naogopa, wanangu. Ila sasa... kidogo tu... kidogo...