Dakika za Mwenyekiti

RAUDHA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

BIBI SAADA: Nani tena! Namba ya bibi yako umeifuta?

RAUDHA: Aa, bibi! Shikamoo. Sikusikii, subiri nizime mashine... (mashine inazimika) Haya, sema.

BIBI SAADA: Marahaba. Uko wapi na makelele hayo?

RAUDHA: Chiola, huku Nachingwea. Tunapulizia dawa mikorosho ya watu.

BIBI SAADA: Ya watu! Na ya bibi yako huku Nambilanje ina ugonjwa wa ubwiriunga, maua meupe kama mtu kayapaka poda. Leo nimegusa tawi, maua yote yakanibakia mkononi.

RAUDHA: Bibi, najua, ila—

BIBI SAADA: Hujui. Ungejua usingeondoka na mashine zote za kijiji.

RAUDHA: Si za kijiji! Za kikundi chetu sisi vijana. Na tulisema wazi mbele ya ofisi, hatukunong'ona. Mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano mkuu, asome mapato na matumizi. Kila msimu tunakatwa pesa kwenye korosho, eti ya kujenga zahanati. Zahanati yenyewe kuta tupu, wanalala mbuzi! Asipoitisha, hatupulizii mti hata mmoja.

BIBI SAADA: Mngengoja kidogo—

RAUDHA: Tungoje nini? Mwenzetu Isihaka kasimama, kauliza swali moja tu, mgambo wakamkokota kama mwizi wa kuku. Kalala mahabusu, bibi! Kwa swali!

BIBI SAADA: Nilimwona alivyorudi. Na kiatu kimoja.

RAUDHA: Sasa je! (mtandao unakwaruza) ...Halafu subiri. Wewe kila siku unabipu tu. Leo unaongea mpaka sasa, vocha umeitoa wapi?

BIBI SAADA: Vocha, vocha... nawe unauliza mengi.

RAUDHA: Bibi?

BIBI SAADA: Nimewekewa.

RAUDHA: Na nani?

BIBI SAADA: Mwenyekiti Ismaily. Yuko hapa uani kwangu, anakula muhogo wangu. Simu kaiweka spika, anasikia yote.

RAUDHA: Yaani... haki ya Mungu!

BIBI SAADA: Alikwenda Chunyu kuazima mashine, vijana wa kule nao wamemkatalia. Ndipo akanikumbuka. Anasema nimekulea mimi, basi nikuamrishe. Urudi kesho alfajiri, uanze na shamba lake, umalizie na langu.

RAUDHA: Na wewe ukakubali?

BIBI SAADA: Usinipandishie sauti, mke mwenzangu. Nimekwambia nilichoambiwa. Nimesema nimekubali?

RAUDHA: Mwenyekiti! Unanisikia? Umeshindwa kutujibu sisi, unakwenda kujificha nyuma ya kanga ya bibi! Mtu mzima ovyo—

BIBI SAADA: Raudha! Adabu.

RAUDHA: Samahani, bibi. Lakini anatuzingua! Miaka yote anatuita taifa la kesho, tukiuliza ya leo tunaitiwa mgambo!

BIBI SAADA: Punguza, masikio yananiuma.

RAUDHA: Bibi, toa spika. Weka sikioni.

BIBI SAADA: Nabonyeza wapi... Haya, sema.

RAUDHA: Sogea pembeni asisikie. Miti yako sijaisahau. Nimepanga na Harithi wa kikundi chetu, atakuja na pikipiki kabla ya watu kuamka, atapulizia ya kwako tu. Hakuna atakayejua. Wewe kausha, usimwambie mtu.

BIBI SAADA: Asije.

RAUDHA: Nini?

BIBI SAADA: Harithi asije! Shamba langu na la Hadija yamepakana. Lake likauke, langu lizae, nimwambie nini? Na huyu hapa si ndicho anachongojea? Atapita nyumba kwa nyumba: "Mnaona? Raudha kampulizia bibi yake, nyie mnaachwa mfe njaa." Mtasambaratika siku hiyohiyo.

RAUDHA: Bibi, hizo ndizo korosho zako za mwaka mzima. Utakula nini?

BIBI SAADA: Miti nimeipanda mimi na babu yako. Usinipigie mahesabu.

RAUDHA: Bibi, unalia?

BIBI SAADA: Nina hasira! Mimi mtu wa kungoja, unanijua. Nikiambiwa mkutano kesho, nakwenda na mkeka wangu. Nikiambiwa umeahirishwa, naukunja, narudi. Mama yako tulimpakia kwenye baiskeli kwenda Ruangwa, ana uchungu wako, ukazaliwa njiani, porini, juu ya kanga yangu. Tukaambiwa tulieni, zahanati inakuja. Nikatulia. Wewe leo mwanamke mzima, mimi nimetulia tu!

RAUDHA: Bibi—

BIBI SAADA: Ngoja. Wewe Ismaily! Weka muhogo chini. Umesikia? Mti wangu haupuliziwi mpaka usimame pale kwenye kuta zako, usome, watu wote wasikie. Na mtoto wa mtu hakokotwi tena hapa. Mgambo wako wakitaka wa kukokota, waanze na mimi!

RAUDHA: Anasemaje?

BIBI SAADA: Eti vijana mnatumiwa. Nimemuuliza, na nani? Anaangalia chini. Sasa anataka nikate simu, eti namalizia dakika zake.

RAUDHA: (anacheka) Kweli za kwake.

BIBI SAADA: Zimebaki?

RAUDHA: Kama kakuunga kifurushi, zipo nyingi tu.

BIBI SAADA: Basi vizuri. Nampigia Hadija, nampigia Mwanne, nampigia Magreti. Ijumaa watu wakitoka kuswali, tukutane kwenye zile kuta, kila mtu na mkeka wake. Mkutano tunauitisha wenyewe, yeye aje kusoma. Na mkewe Asmaa nampigia pia, maana naye alikatwa korosho zake.

RAUDHA: Bibi! Na sisi tuje?

BIBI SAADA: Mje wote, na Isihaka atangulie mbele. Mashine ziacheni hukohuko. Haya, kata wewe, mimi hiki kitufe kinanishinda—

RAUDHA: Nakupenda, bibi, kaza!

BIBI SAADA: Kata, mwana, unanimalizia dakika... Ismaily! Unakwenda wapi? Kaa hapo. Macho yangu hayaoni vizuri, unisomee namba ya mkeo.