Kababu za Makaa ya Juu

Baraza yetu ya mtaa wa Mkomani ina kanuni moja tu: kila anayekuja kunywa kahawa baada ya alasiri hutanguliwa na sahani kutoka kwake, imefunikwa kawa. Sahani ikirudi tupu, aliyeipika hulala na furaha. Kanuni nzuri, ila imetuletea husuda tele. Miaka yote zilizogombaniwa hapa ni kababu za Bi Kulthum, zinazoogelea kwenye samli hata mumewe, Badawi, tukampa jina la Samli. Kisha Fadhil akaugua moyo, daktari akamkataza mafuta, na mkewe Bi Umulkheir akaanza kumwokea kababu za bata mzinga. Baraza nzima ikazihamia hizo, na tangu hapo za Samli hazina mlaji. Huzimaliza peke yake, zote, ili Bi Kulthum aone sahani tupu.

Siku hiyo muuza kahawa alikuwa ameshatumiminia mzunguko wa pili. Sahani ya Fadhil imebaki vipande vitatu. Ya Samli imejaa.

— Fadhil, nambia kweli, akasema Hamdun, seremala tunayemwita Patasi. Mkeo hutia nini humu?

— Hatii. Huondoa. Huchuna ngozi, akaponda kidari kwenye kinu kwa kitunguu, thomu na kotmiri. Akatia yai, na mkate aloroweka kwenye mai akaukamua. Huviringa, akapanga yuu ya jani la mgomba ndani ya sufuria. Makaa tini, makaa yuu ya kifuniko. Basi.

— Basi! Samli akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa chungu. Kababu bila samli ni tonge la udongo.

— Na hujaionja, nikamwambia.

— Sina haja.

Hana haja, na macho hayabanduki kwenye sahani ya mwenzake!

Shekhan, tuliyempa jina la Redio kwa kuwa hanyamazi, akachukua kababu ya Fadhil akaanza kuisema vibaya huku anaitafuna.

— Tatizo ni ndege. Bata mzinga si wa nti hini. Mmemuona anavyojifutua? Mtu akimla sana, naye hujifutua. Mtazameni Fadhil na kanzu yake mpya.

— Kanzu ni ya zamani, Fadhil akasema. Mwili ndio ulopungua.

— Hapana, si ndege, ni moto, akadakia Patasi, naye mdomo umejaa. Nyama ikipigwa moto wa yuu hushika adabu. Na mume akiila, naye hushika adabu. Kwani huyu siku hizi mwamuona tena kule Shela kwenye starehe zake?

Tukacheka. Kicheko cha wivu, nisiwafiche. Mke wa mtu amekaa anafikiria namna ya kumponya mumewe. Mimi wangu akinisikia nakohoa huniambia nikakohoe nje.

Samli hakucheka. Alitia kababu yake mdomoni, kisha nyingine, samli ikamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akahema kidogo kabla ya kusema.

— Nyinyi vitwa vyenu vizito. Zile zina kombe! Bi Umulkheir ameandikiwa aya kwa zafarani, akaziosha kwa mai ya waridi, na mai yale ndiyo anorowekea mkate. Ndiyo maana mtu akila moya, mkono warudi wenyewe. Ameifunga baraza nzima, zangu zisiliwe!

Redio akaacha kutafuna. Fadhil akaweka kikombe chini.

— Bwana Badawi, huyo unayemtaja ni mke wangu.

— Na Kulthum ni mke wangu! Sauti ya Samli ilipanda mpaka madirishani. Kila alasiri hungojea sahani yake mlangoni. Yeo ikirudi imejaa, nikamwambie nini? Kwamba mkono wake umechacha?

Akachukua kababu nyingine kwa hasira.

Hapo ndipo akatokea mtu wa kijiji cha Mbwajumali, jina lake Jaafar, kapakata bata mzinga aliyefungwa miguu.

— Assalaam aleikum. Nyumba ya Bi Kulthum, mkewe Bwana Badawi, ni ndia ipi?

— Ni kwangu, akajibu Samli kwa mdomo uliojaa. Wataka nini?

— Nimeleta ndege wake. Aliniagiza nimtafutie bata mzinga, na amesisitiza asiwe na mafuta.

Samli akageuka kumtazama Fadhil, uso umemwiva.

— Hata Kulthum! Mkeo amemchukua hata Kulthum!

Jaafar hakuelewa ugomvi wetu. Alimhamisha yule ndege mkono wa pili, akauliza kwa adabu, kama mgeni yeyote anavyopaswa:

— Bi Kulthum alinambia nifanye hima, kwani nyumbani mwake kuna mgonjwa, na yuamuogopea sana. Mgonjwa yuaonaje hali?

Nikamtazama Patasi, Patasi akamtazama Redio. Nyumba ile ina watu wawili tu, Samli na mkewe. Fadhil peke yake ndiye aliyethubutu kumwangalia Samli, na hakumwangalia kwa ushindi.

— Mgonjwa hajambo? Jaafar akarudia, akidhani hatukumsikia.

Samli alikuwa na kababu ya mkewe mdomoni, na hakujua aimeze au aiteme.