Sista Hinda na Moyo wa Sabirin Wangu

Baada ya miaka thelathini na nne ya kuuguza watoto wa huku kwetu kaskazini mashariki, Sista Hinda Dubow anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wakubwa wa hospitali walitafuta mtu wa kuandika habari zake. Madaktari wakasema wana kazi nyingi. Mimi Kowsar, mpishi, nikasema leteni kalamu, kwani nani anamjua kunishinda?

Alianza Griftu akiwa msichana. Siku ya soko la mifugo alibeba sanduku la chanjo mpaka katikati ya ngamia, kwa sababu akina mama walikuwa huko wakiuza maziwa. Wachungaji walimtania: "Daktari, na mbuzi wetu je?" Akahamia Eldas, halafu Liboi, mwishowe akaletwa kwetu Garissa, wodi ya watoto. Wauguzi aliowafundisha wanamwogopa kuliko mkuu wa hospitali. Watu anawakataza sukari, lakini chai yake naipika mimi, na sukari inabaki chini ya kikombe.

Sasa nifike kwa jambo langu. Miaka tisa iliyopita nilimzaa Sabirin, mtoto mzuri hata majirani walikuja kumtazama tu. Moyo wake ulipiga kwa nguvu mpaka nguo kifuani inaruka. Tulifurahi! Kila mgeni aliweka mkono hapo, akasema huyu atakuwa shujaa. Siku ya arobaini, mimi na mtoto tulipotoka nje, nilifanya sherehe kubwa: ubani, nyimbo, na nyirinyiri, vipande vya nyama ya ngamia vilivyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Sista akaja kama mgeni. Wakampa mtoto aone maajabu.

Aliweka mkono, kisha sikio. Uso ukabadilika.

"Akinyonya, anatoka jasho?"

Nikacheka, nikamwambia anatoka jasho kama mwanamume wa kazi. Hakucheka. Wifi yangu Barni akamjia juu: "Abaayo, dada yangu, hapa si wodi. Nawa mikono ule!"

"Chakula kipo tu," Sista akasema. "Kowsar, vaa viatu."

Nyimbo zikakatika. Tulipita katikati ya wageni mpaka hospitali, na kutoka huko tukapelekwa Nairobi.

Nairobi ndiko nilikoelezwa. Aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, ulikuwa na kijia cha pembeni tangu mtoto yuko tumboni. Damu ikitoka, nyingine inarudi kupitia hapo kwenye chumba cha kushoto cha moyo. Yale mapigo tuliyoyashangilia ni moyo uliokuwa umeelemewa, karibu ushindwe. Daktari wa upasuaji alisema ugonjwa huo ni nadra, hata yeye aliwahi kuuona mara moja tu. Wakakiziba kile kijia.

Leo Sabirin ni wa kwanza darasani, Kiingereza kinamtoka kama maji, na mbio anawashinda wavulana, daktari wake mwenyewe kamruhusu. Msiponiamini muulizeni mwalimu wake.

Nilidhani habari hii haina tena cha kunishtua. Wiki iliyopita, tukinywa chai, Sista akaniambia kwamba siku ile hakutaka kuja. Alikuwa ametoka zamu, amechoka, ameshajilaza. Aliinuka kwa sababu tu alisikia kuna nyirinyiri. Sufuria ilinitoka mkononi. Nyama! Mtoto ninayemfunga hijabu kila asubuhi, nilibaki naye kwa sababu mtu alitamani nyama! Sista alicheka mpaka machozi. Mimi sikuweza.

Sista Hinda, kwa niaba ya wodi, jiko na akina mama wote uliowarudishia watoto wao, asante. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi usiokatizwa na zamu, na wajukuu wa kukusumbua. Pumzika kweli kweli. Ila ukialikwa arobaini ya mtoto, popote Garissa hii, hata kama umeshalala, walaahi amka uende.